Shawa ya umeme inatoa maji ya uvuguvugu: anza hapa kabla ya kununua hita nyingine

Julai ikiingia Tabora, fundi huacha kupigiwa simu za pampu na koki zinazovuja, anaanza kupigiwa za hita. "Fundi, njoo, shawa imekufa." Unafika, unakuta haijafa. Swichi inawaka taa, maji yanatoka, ukiweka mkono unasikia yamepata moto kidogo, ila si maji ya kumwogesha mtu saa kumi na moja alfajiri wakati upepo wa kiangazi unapita chini ya mlango. Mwenye nyumba ameshaulizia bei ya hita mpya dukani. Wengine wameshainunua na kuifunga, na maji yamebaki yale yale.

Yanabaki yale yale kwa sababu mara nyingi tatizo haliko ndani ya hita. Liko kwenye wingi wa maji yanayopita, au kwenye umeme unaofika, na vyote viwili vinapimika kwa ndoo, saa na mita ya fundi kabla hujatoa pesa ya kifaa kipya.

Ninachoeleza hapa kinahusu zile hita ndogo za plastiki zinazofungwa moja kwa moja kwenye bomba la shawa, zenye kitufe cha ngazi mbili au tatu. Ndizo zilizojaa kwenye nyumba zetu za Isevya, Cheyo, Ipuli na kwingineko. Boila za tanki na sola nitazigusa mbele, kwa ufupi.

Kwanza usalama

Ndani ya hita hizi kuna koili nyembamba ya waya, na katika aina nyingi koili hiyo iko uchi ndani ya maji yale yale unayoogea. Ndivyo zilivyoundwa. Kinachokulinda ni waya wa ethi uliofungwa sawasawa hadi kwenye fito iliyozamishwa ardhini, pamoja na breka inayokata umeme unapoanza kuvuja. Kwa hiyo, kama ukigusa koki au bomba la chuma unasikia ganzi au mtekenyo, usiendelee na hatua zinazofuata. Zima breka ya hita, ogeni kwa ndoo, mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA aanze na ethi. Nimeshakuta hita ambayo waya wake wa ethi umekatwa na kukunjwa kwa makusudi, eti kwa sababu ukiungwa breka inaruka. Breka ilikuwa inaruka kwa sababu umeme ulikuwa unavuja, na aliyekata waya ule alichofanya ni kuuachia umeme uvuje kimya kimya.

Kazi ya mwenye nyumba ni kusoma kibandiko, kupima maji, na kusafisha uso wa shawa na kichujio. Kufungua kifuniko penye nyaya, kupima volti na kubadilisha elementi, yaani ile koili, ni kazi ya fundi. Na ninaposema zima, namaanisha breka kwenye DB, lile boksi la breka za nyumba nzima. Swichi ya ukutani peke yake haitoshi, maana zipo zilizofungwa kinyume, zinakata nyutro na kuiacha laivu, waya wenye umeme, mle ndani inasubiri kidole.

Hatua ya 1: Soma kibandiko na uangalie kitufe

Kibandiko kiko pembeni au juu ya hita. Tafuta namba mbili tu, wati na volti. Nyingi zilizoko madukani ni za kati ya wati 3,500 na wati 5,500, kwa volti 220 au 240. Ziandike, utazihitaji muda si mrefu. Kama yako ni ya 3,500, jua mapema kwamba Julai itakupa maji ya moto machache, na hakuna fundi atakayebadilisha hilo. Kama imeandikwa volti 110 au 127, ilitengenezewa umeme wa nchi nyingine; usiifunge, itaungua. Za mtumba hasa ndizo za kuangalia kwa makini.

Kisha angalia kitufe kiko ngazi ipi. Usicheke. Watoto hukisogeza, na baba mwenye uchungu na LUKU hukiweka katikati usiku bila kumwambia mtu.

Hatua ya 2: Ndoo na saa

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu anairuka, na ndiyo inayomaliza kesi nyingi kuliko nyingine zote.

Chukua ndoo ya lita 10. Weka kitufe kwenye baridi, fungua maji kiasi kile kile unachofungua ukiwa unaoga, ingiza ndoo chini ya shawa na utazame saa ya simu. Ndoo ikijaa kwa dakika 2, shawa yako inatoa lita 5 kwa dakika. Ikijaa kwa dakika 1 na robo, ni lita 8. Ikichukua dakika 3 na sekunde 20, ni lita 3.

Sasa chukua kilowati za hita (wati 5,500 ni kilowati 5.5), zidisha kwa 14, kisha gawanya kwa lita za dakika moja. Unachopata ni nyuzi joto ambazo hita inaongeza juu ya joto la maji yaliyoingia. Kwa hita ya 5.5, kuzidisha kunakupa 77. Shawa ya lita 8 kwa dakika inaongezewa nyuzi 10 pungufu kidogo. Ya lita 5 inaongezewa 15. Ya lita 3 inaongezewa karibu 26. Hita ni moja, umeme ni ule ule, bafu ni lile lile.

Linalosahaulika ni kwamba hita haina joto lake maalumu. Inaongeza tu juu ya ilichopewa. Maji ya kuoga yanayostarehesha ni ya nyuzi 38 hadi 41 hivi. Tuseme ni jioni ya Oktoba na tanki lako jeusi limeshinda juani, maji yake yako nyuzi 28. Ongeza 15 unapata 43, na utasikia mtu bafuni akipiga kelele kwamba yanaunguza. Alfajiri ya Julai tanki lile lile limelala nje usiku kucha, tuseme maji yako nyuzi 18. Ongeza 15 zile zile, unapata 33. Hayo ndiyo maji yanayofanya watu waseme hita imekufa.

Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi mbingu huwa wazi, joto la mchana lote linapotea. Jamaa zetu wa Kigoma na Ujiji wako chini kwa mita mia nne hivi na wana ziwa pembeni, ndiyo maana hawasumbuki na jambo hili kama sisi.

Hatua ya 3: Punguza maji, lakini kuna kikomo

Kama ndoo imekuambia lita 5 au zaidi, dawa ya kwanza ni kupunguza maji. Washa hita kwenye ngazi ya juu, funga koki kidogo kidogo, na kila ukiigeuza subiri nusu dakika kabla ya kuhukumu, maana joto huchelewa kufuata. Watu wengi hugeuza koki huku na huku kwa haraka, wanakutana na joto la mgeuzo uliopita, wanachanganyikiwa.

Kikomo chenyewe ni hiki. Ndani ya hita kuna mpira, mafundi huuita diaframu. Maji yakipita kwa nguvu ya kutosha yanausukuma mpira, nao unabana viungo vya umeme, elementi inawaka. Ukipunguza maji mno, mpira unarudi na umeme unakatika; utasikia mlio mdogo wa "tak", kisha maji yanakuwa baridi kabisa. Hapo rudisha koki kidogo. Umeshaipata sehemu ya hita yako, itie alama kwa kalamu ya wino ukutani ili kila mmoja nyumbani aijue.

Nyumba zinazochukua maji moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka, bila kupitia tanki, ndizo zinazoongoza kwa maji kupita kasi. Tangu maji ya Ziwa Victoria yaanze kuletwa Tabora kuongezea yale ya bwawa la Igombe, wapo waliofurahia presha na kuachana na tanki, halafu wakashangaa shawa imepoa. Kumbuka pia kwamba presha ya bomba haifanani saa zote. Alfajiri, watu wakiwa bado wamelala, hupanda, kwa hiyo koki ile ile uliyoizoea jioni inatoa maji mengi zaidi saa kumi na moja. Wakati huo huo maji ndiyo yana ubaridi wake mkubwa. Mambo mawili yanakupiga kwa pamoja.

Kwa nyumba hizo, hita nyingi huja na kidude kidogo cha plastiki chenye tundu jembamba, ndani ya boksi pamoja na maelekezo. Huwekwa kwenye mdomo wa kuingizia maji ili kubana kasi. Mafundi wengi hukitupa wakidhani ni uchafu wa kiwandani. Ukikipata, kiweke, tofauti utaiona siku hiyo hiyo. Kama ulishakitupa, funga koki ya pembe kabla ya hita, iwe inakaa hapo hapo ulipoipima.

Walio na tanki juu ya mnara wana shida ya upande wa pili. Usawa wa maji ndani ya tanki unapaswa kuwa juu ya shawa kwa mita moja hivi au zaidi, kutegemea hita, vinginevyo mpira hausukumwi. Dalili yake ni kwamba tanki likijaa mnaoga maji ya moto, likibaki robo hita haiwaki. Hapo usinunue hita. Inua tanki, au tafuta pampu ndogo ya kuongeza presha.

Hatua ya 4: Soma dalili mbili kwa pamoja

Sasa una majibu ya ndoo, unaweza kuchagua njia. Maji mengi na uvuguvugu, tatizo ni maji, rudi hatua ya 3. Maji kidogo na baridi kabisa, umeme hauwaki, angalia kichujio na mpira. Maji ya moto, baridi, moto, baridi, bila mtu kugusa koki, mpira unatetemeka kwa sababu maji hayana nguvu ya kutosha. Mara nyingi ni kichujio tena. Lakini maji ya kiasi, lita 3 au 4, na bado ni uvuguvugu kila siku, hapo umeme ndio wa kuulizwa. Nenda hatua ya 6.

Hatua ya 5: Kichujio na uso wa shawa

Zima breka, funga maji, fungua hita kutoka kwenye bomba. Kwenye mdomo wa kuingilia kuna wavu mdogo. Utoe kwa kibano cha nyusi au ncha ya bisibisi ndogo.

Mama mmoja wa Ipuli, mwalimu mstaafu, alinipokea na hita mbili, moja ukutani na nyingine bado iko kwenye boksi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii imenishinda. Tangu ifungwe haijawahi kunipa maji ya moto mfululizo. Nimenunua nyingine, wewe funga tu."

Nikamwomba anivumilie kidogo. Nilipoutoa wavu, ulikuwa umezibwa nusu nzima. Kulikuwa na vinyweleo vyeupe vya bomba la plastiki, vile vinavyobaki fundi akikata bomba kwa msumeno na kutolisafisha, kipande cha thredi tepu kilichojikunja, na mishipa ya jani la mwembe. Tanki lake lilikuwa chini ya mwembe na kifuniko kilishachukuliwa na upepo. Tukauosha wavu, tukafungua bomba likatoa uchafu wake kwenye ndoo kwa dakika moja, tukarudisha hita ya zamani. Ile mpya aliirudisha dukani, na kwa bahati muuzaji alikuwa muungwana.

Kwa hiyo, kabla ya kurudisha hita acha maji yatiririke bila hita mpaka yawe safi. Thredi tepu izungushwe kufuata njia ya kufungia, na isiingie kwenye uzi wa kwanza wa bomba, ndipo isikatike na kuelea ndani.

Uso wa shawa, ule wenye matundu, unafunguka kwa mkono. Kwa wanaotumia maji ya kisima, matundu huzibwa na ukoko mweupe, uleule unaouona ndani ya birika. Loweka kwenye siki au maji ya ndimu usiku kucha, asubuhi sugua kwa mswaki wa zamani. Usichokoe matundu kwa sindano, yatapanuka na maji yatatawanyika. Na koili ya ndani usiikwangue kabisa, ni nyembamba na hukatika.

Hatua ya 6: Pima volti, hita ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa

Hapa mwite fundi mwenye mita. Lakini ujue cha kumwambia apime, kwa sababu wengi hupima mara moja, mchana, hita ikiwa imezimwa, wakakuambia "umeme upo wa kutosha". Mchana upo. Wewe unaoga saa mbili usiku.

Joto la hita haliteremki sawasawa na volti, linateremka kwa kasi zaidi. Hita ya kilowati 5.5 kwa volti 220, ikipewa volti 190 inabaki na kilowati 4.1. Ikipewa 165, yaani robo imepungua, inabaki na 3.1, karibu nusu ya nguvu yake imekwenda. Rudi kwenye hesabu ya ndoo: 3.1 mara 14, gawanya kwa lita 5, unapata nyongeza ya nyuzi 9 tu. Taa za ndani zinaweza kuendelea kuwaka vizuri wakati huo, hasa hizi za LED ambazo hazijali, ndiyo maana watu hawashtuki.

Mwambie fundi apime sehemu mbili, kwenye DB na pale nyaya zinapoingia kwenye hita, na kila sehemu apime hita ikiwa imezimwa kisha ikiwa inafanya kazi, saa ile ile unayooga. Majibu yanasomeka hivi:

Kama kwenye DB ni chini ya 200 hata hita ikiwa imezimwa, umeme wa mtaa mzima uko chini. Waulize majirani, kisha mpeleke taarifa TANESCO kwa pamoja mkitaja saa na volti mlizopima. Taarifa yenye namba hushughulikiwa tofauti na "umeme mdogo". Wakati mnasubiri, ogeni kabla ya saa kumi na mbili jioni au alfajiri, na msipige pasi wala kuchemsha birika mtu akiwa bafuni.

Kama kwenye DB ni 225 hita ikiwa imezimwa, na inaanguka hadi 190 ikiwashwa, kuna kiungo kibovu au waya mwembamba kutoka kwenye nguzo hadi kwako. Usipuuze, mahali hapo panachemka.

Kama kwenye DB ni nzuri wakati wote lakini kwenye hita ni pungufu sana, hitilafu iko ndani ya nyumba yako. Hatua ya 7.

Kuna wanaouliza kama stabilaiza itasaidia. Ile ya runinga au friji haiwezi kubeba hita, itaungua siku ya kwanza. Inayoweza ni kubwa na ghali kiasi kwamba kwa bei yake ningenunua sola ya maji.

Hatua ya 7: Nyaya na viungo

Hita ya wati 5,500 inavuta ampea 25 hivi. Soketi ya kawaida ya ampea 13 haiwezi, na waya wa milimita 2.5 uliokusudiwa soketi haukutengenezwa kwa mzigo huo. Hita inataka waya wake peke yake kutoka DB, wa kopa, milimita 6, na breka yake ya ampea 32. Kuna mafundi wanaoweka milimita 4 kwa bafu lililo karibu na DB. Mimi siiwekei hita kubwa.

Nikuambie ukweli lakini, waya mwembamba wenyewe haupozi maji sana. Kwa umbali wa nyumba ya kawaida unaiba volti kama 9, unapoteza joto kidogo. Balaa lake ni kwamba volti hizo zinageuka moto ndani ya ukuta na juu ya dari.

Kinachopoza maji kweli ni kiungo kilicholegea. Juu ya hita huwa kuna konekta ya plastiki inayounganisha nyaya. Skrubu ikilegea, laivu au nyutro inashika kwa ncha tu, na hapo panakuwa hita ya pili isiyo na maji. Ukifungua utakuta plastiki imegeuka kahawia, waya umekuwa mweusi kwa urefu wa kidole, ganda lake limekakamaa. Kabla ya kufungua, pua inatosha: harufu ya plastiki inayoungua au ya samaki aliyeoza bafuni, na swichi ya hita yenye joto ukiigusa. Hapo usioge tena kwa shawa hiyo hadi fundi akate sehemu iliyoungua, aweke konekta ya kauri badala ya plastiki, na akaze skrubu za swichi na za breka pia.

Hatua ya 8: Elementi, ya mwisho

Tumefika kwenye kile ambacho watu huanza nacho. Elementi ya hita yenye ngazi huwa na sehemu zaidi ya moja. Ikikatika sehemu moja, ngazi moja inapasha na nyingine haipashi, au ya kati na ya juu hazitofautiani. Kama zote zimekatika maji ni baridi kabisa. Kwa mita, elementi nzima ya 5,500 kwa volti 220 husoma karibu omu 9 kwenye ngazi ya juu. Ikisoma zaidi sana ya hapo, au mita isionyeshe kitu, imekufa.

Elementi inauzwa peke yake, si lazima ununue hita nzima. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, linganisha wati, volti na umbo la vikalio. Ukishindwa kuipata ya aina yako, hapo ndipo hita mpya ina sababu, na uchague yenye alama ya TBS.

Kuhusu LUKU

Dakika 10 za hita ya 5,500 zinakula uniti 0.9. Familia ya watu watano wakioga mara moja kwa siku ni uniti 4.6, kwa mwezi karibu 138. Walio kwenye kundi la D1, lile la bei nafuu kwa matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hita peke yake inawatoa humo. Kupunguza maji kwa koki kunakupa joto, hakupunguzi uniti. Zinazopunguza uniti ni dakika, na kushusha kitufe ngazi ya kati kuanzia Septemba jua likirudi.

Boila na sola

Boila la tanki likitoa uvuguvugu, angalia kwanza kidhibiti joto kama kimewekwa nyuzi 60 hivi. Kama maji ya moto yanaanza vizuri kisha yanaisha haraka, ama tanki ni dogo kwa idadi yenu, ama tope limeifunika elementi chini. Kama kuna koki ya kuchanganya ya mkono mmoja, mpira wake uliochakaa huruhusu maji baridi kupita kwenda upande wa moto. Ukifunga baridi kabisa chini ya sinki na shawa ikapata moto, umempata mwizi.

Sola ikipoa Julai, panda uangalie vumbi kwenye vioo kabla ya kumlaumu aliyeifunga. Kiangazi chetu kina jua la kutosha, lakini vumbi la barabara hufunika vioo wiki hadi wiki. Bomba la moto linalotoka darini hadi bafuni livalishwe sponji, la sivyo utapoteza nusu ndoo ukisubiri maji yafike.

Ukirudisha hita ukutani

Baada ya kazi yoyote iliyohusisha kufungua hita, usirudishe breka kwanza. Weka kitufe kwenye baridi, fungua maji, yaache yatoke mfululizo kwa dakika nzima mpaka hewa yote iishe na hita ijae. Ndipo ufunge maji, uwashe breka, usogeze kitufe kwenye moto, kisha ufungue maji tena; yakiwa yamefungwa mpira hauwashi elementi. Elementi inayowashwa bila maji hukatika kwa sekunde chache, na duka halikubali kurudishiwa hita ya namna hiyo.